Muulize Mzee Spana: Injini Inalia, Nifanyeje?

Safu hii hujibu barua za wenye magari waliokwisha kumuuliza kila mtu, gari lenyewe likiwa halijaulizwa.

*Shikamoo Mzee Spana. IST yangu inalia tak-tak-tak. Fundi wa kwanza kasema tufungue injini nzima. Wa pili kasema ninunue injini nyingine. Shemeji yangu anasema nimerogwa. Nimwamini nani? — Mnyonge, Kimara*

Marahaba, mwanangu. Katika hao watatu shemeji ndiye mwenye bei nafuu, ila hata yeye hajachomoa stiki ya oili. Egesha mahali tambarare, zima injini, subiri dakika tano oili ishuke. Chomoa stiki, ifute, irudishe mpaka mwisho, ichomoe tena. Oili iwe kati ya alama mbili. Ikiwa haifiki hata alama ya chini, umempata mtuhumiwa wa kwanza: valvu ziko juu kabisa ya injini, na kikaza cheni nacho hutegemea presha ya oili hiyohiyo. Jaza, sikiliza tena, kisha utafute inakovujia.

Kama oili inatosha na kelele ipo, pima tapeti injini ikiwa baridi. Kwa injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye IST za lita 1.5, nafasi ya valvu za kuingizia hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, na za kutolea moshi ni 0.25 hadi 0.35. Kabla hajashika kitu, muulize fundi atarekebishaje. Akijibu kwamba atazikaza kwa bisibisi, mshukuru na uondoke. Injini hiyo haina skrubu za tapeti. Hubadilishwa vikombe vyenye unene tofauti, valvu moja baada ya nyingine.

*Mzee Spana, gari letu hulia kila asubuhi, likishapata moto linanyamaza. Baba watoto anasema limejiponya. Ila tukipandisha vioo nasikia harufu ya moshi. — Mama Wawili, Tanga*

Mama Wawili, chuma hakijiponyi, kinatanuka. Gasketi ya manifoldi ya eksozi ikipasuka, moshi huchomoka kwa vishindo penye ufa, na mlio wake unaweza kumdanganya mtu akadhani ni tapeti. Chuma kikipata moto ufa unabana, kelele inakwisha. Kesho asubuhi mnaanza upya. Mwambie baba afungue boneti kabla ya kuwasha, amulike kwa tochi pale manifoldi inapoungana na injini. Akikuta masizi meusi, kesi imekwisha. Gasketi yenyewe haina makuu. Boliti zilizoshika kutu ndizo zitakazomtoa fundi jasho. Ila msiahirishe. Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu, nayo inaua. Watoto wasipande gari hilo mpaka litengenezwe.

*Mzee wangu, nauza gari. Linagonga kidogo. Kuna oili nzito au dawa ya kumwagia ili litulie siku mteja akija? — Muungwana, Ilala*

Muungwana, jina lako na barua yako havijuani. Oili nzito inaweza kupunguza kelele, sikatai, lakini chuma kilicholika hakirudi. Tena injini iliyoundiwa oili nyepesi ukiipa nzito, asubuhi oili inachelewa kupanda, na huko juu vyuma vinasagana vikavu. Mweleze mteja ukweli, umpunguzie bei.

Na wewe mteja unayesoma kwa kuibia: ukifika, kabla gari halijawashwa, weka kiganja juu ya boneti. Ukiikuta ya moto na gari limeshinda kivulini, mwenyewe kalipasha ili usisikie kelele za asubuhi. Kanywe chai, rudi likiwa limepoa, uwashe kwa mkono wako.

*Mzee Spana, nakuandikia nikiwa Kitonga. Kuna mlio mzito, go-go-go, nikikanyaga mafuta unazidi. Taa ya oili imewaka. Nitafika Mbeya? — Mwenye Haraka*

Hutafika. Zima injini kwanza, ndipo uendelee kusoma. Tak-tak nyepesi mara nyingi hutoka juu, kwenye valvu. Go-go nzito inayozidi gari likipanda mlima hutoka chini, kwenye beringi za konrodi. Konrodi ikikatika hutoboa bloku, na hapo hakuna tena cha kutengeneza. Ita gari la kukukokota. Bei yake itakuuma, lakini bei ya injini itakulaza na viatu.

*Mzee, nimebadilisha plagi, nozeli, na cheni. Bado linalia tik-tik-tik, mwendo ukizidi nayo inazidi. Ajabu, nikiwa kwenye foleni linanyamaza. — Nimefilisika, Mbagala*

Pole sana. Kwanza ujue nozeli nzima hulia tik-tik. Ndivyo zinavyofanya kazi. Fundi angegusisha ncha ya bisibisi ndefu kwenye kila nozeli, mpini akauweka sikioni, angezisikia zote zinalia sawasawa na asingekuuzia nyingine.

Lakini jibu umeliandika mwenyewe. Kwenye foleni injini inazunguka, gari limesimama, na kelele haipo. Basi kinacholia ni kile kinachosimama gari likisimama. Piga magoti, ukague tairi moja moja. Ukikuta kokoto limenasa kwenye kashata za tairi, litoe. Ukikuta msumari, usiung'oe hapo. Nenda nao hivyohivyo kwa fundi pancha. Ukimaliza kwake, pitia kwa yule fundi wa kwanza umuulize plagi na nozeli zako nzima alizozitoa sasa ziko kwenye gari la nani.