Nukta Milioni 8 za Kutazamia Taarifa ya Habari

Flati skrini inayopelekwa kijijini Ipililo, kwa wakulima wa pamba, husifiwa kwanza kwa inchi, kisha kwa 4K. Hiyo 4K ni nukta milioni 8 na ushei, mara 4 ya Full HD. King'amuzi kikileta picha pungufu, nukta za ziada hubuniwa na runinga yenyewe, na mnunuzi hulipia ubunifu huo kwa pesa ya pamba. Mtasema intaneti ipo. Ipo, ila filamu ya 4K hula gigabaiti kadhaa kwa saa, na bando halina huruma. Mwenye sola aulize swali lisilo na stika ya dhahabu: runinga hiyo inakubali volti 12, na inakula wati ngapi? Inchi awaachie wanaonunua runinga ili wao ndio watazamwe.