Nyumba ya Kwanza, Sufuria Bila Nyama: Majibu kwa Wasomaji

Mnunuzi wa nyumba ya kwanza ambaye hali nyama husumbuliwa na watu wa aina mbili: wanaotaka fedha zake na wanaomwonea huruma. Wote hao hatimaye hukutana jikoni kwake, chumba ambacho wanunuzi wengi hukitazama mwisho, na wengine hukitazama baada ya kulipa. Majibu yafuatayo yamefuata utaratibu wa ununuzi wenyewe: akiba, dalali, karatasi, maji, jiko, na wageni. Barua zote zimetoka Dar es Salaam. Majina ya waulizaji yamefichwa kwa ombi lao na kwa heshima ya wakwe zao.

Akiba

Mwenye Hesabu wa Tabata ameacha nyama tangu Januari na anauliza ni lini fedha ya bucha itatosha kununua nyumba.

Familia inayonunua kilo mbili za nyama kwa wiki, kilo ikiwa shilingi 10,000, hutumia shilingi 1,040,000 kwa mwaka. Nyumba ambayo haijaisha ikiuzwa shilingi milioni 20, fedha hiyo itaifikia bei baada ya miaka 19 na ushei, kwa sharti kwamba katika miaka yote hiyo familia haitanunua hata kisado kimoja cha maharage kufidia nyama. Maharage yakiingizwa kwenye hesabu, mtoto anayenyonya leo ataoa kabla ya bati la kwanza kupigwa msumari. Kuacha nyama ni uamuzi wa afya, imani, huruma au ladha. Si mpango wa makazi.

Njia za makazi zinajulikana: fedha taslimu, mkopo wa nyumba wa benki, malipo kwa awamu, au kununua pagale na kulimalizia taratibu. Pagale huvutia kwa bei, na kuta zilizosimama humfanya mtu aamini kwamba kazi kubwa imekwisha, ilhali paa, madirisha, nyaya, mabomba, sakafu na shimo la choo vyote bado vinamsubiri. Msingi na lenta vikaguliwe na fundi kabla ya bei kujadiliwa. Fundi huyo atafutwe na mnunuzi mwenyewe, wala asiwe shemeji wa muuzaji.

Dalali

Asiye na Gari wa Ubungo alionyeshwa tangazo la nyumba yenye vyumba vitatu, kimoja masta, "dakika tano kutoka lami". Ametembea dakika 35 na lami haijaonekana. Anauliza kama saa yake ni mbovu.

Saa ni nzima. Dakika za dalali hupimwa juu ya bodaboda, wakati wa kiangazi, barabara ikiwa tupu. Mnunuzi apime upya kwa miguu kuanzia kituo cha daladala, saa nane mchana, mkononi akiwa na mfuko wa sokoni wenye nazi tatu, viazi vitamu, kisado cha kunde na mafungu ya mchicha. Asiyekula nyama hubeba mzigo mkubwa kuliko mteja wa bucha, ambaye chakula cha jioni cha watu watano kinamtosha kwenye mfuko mmoja mdogo. Tena mchicha haungoji: ukifika nyumbani umenyauka, soko liko mbali, hata kama lami iko karibu.

Ziara ya pili ifanywe wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Kiwanja kinachopendeza Septemba kinaweza kuwa bwawa Aprili, na wakazi wa Bonde la Msimbazi hawahitaji kuelezwa habari hiyo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto au ufukwe wa bahari, na Desemba 2015 nyumba nyingi za bondeni humo ziliwekewa alama ya X na kubomolewa. Mwaka 2017 zikafuata zile za kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, ili kupisha upanuzi wa barabara. Kwa hiyo ukuta uliopakwa rangi mpya upande mmoja tu utazamwe mara mbili, na majirani waulizwe kulikuwa na nini chini ya rangi hiyo.

Karatasi

Mpenda Amani wa Mbagala amepata muuzaji mwenye tabasamu, karatasi yenye muhuri wa serikali ya mtaa, na mjomba mgonjwa kijijini ambaye lazima apelekewe fedha kabla ya Ijumaa. Anauliza kama kudai kuona hati ni utovu wa adabu.

Adabu haimo. Kwa Sheria ya Ardhi Namba 4 ya mwaka 1999, ardhi yote ya Tanzania ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Anachomiliki raia ni haki ya kuitumia kwa muda uliotajwa, na hati nyingi hutolewa kwa miaka 33, 66 au 99. Miaka iliyobaki ni sehemu ya bei, kwa hiyo tarehe ya kuanza kwa hati isomwe kabla ya kusifia vigae vya sebuleni.

Nyumba yenye hati hufanyiwa upekuzi rasmi katika ofisi ya ardhi, na majibu yake huonyesha jina la mmiliki, rehani ya benki kama ipo, na zuio lolote lililosajiliwa. Namba ya kiwanja na kitalu ilinganishwe na ramani ya upimaji, kisha mawe ya mipaka yatafutwe kwa macho, hata kama moja limegeuzwa kigoda cha kufulia. Stakabadhi za kodi ya pango la ardhi ziombwe, na deni lolote likatwe kwenye bei. Mita ya LUKU nayo ina ushahidi wake: tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa kwenye ununuzi wa umeme, na mita iliyokaa muda mrefu bila kuongezwa umeme inaweza kufichua deni linalomsubiri mwenye nyumba mpya.

Nyumba isiyo na hati si lazima iwe ya wizi. Mitaa mingi ya Dar es Salaam ilijengwa kabla ya mpimaji kufika. Hapo ushahidi ni watu: majirani wa pande zote nne, mjumbe, mwenyekiti wa serikali ya mtaa, na mlolongo wa mikataba ya mauziano tangu mmiliki wa kwanza. Mahali pengi mnunuzi huombwa asilimia 10 ya bei kwa ajili ya muhuri wa mtaa. Kabla ya kutoa chochote, aombe kwa upole kuonyeshwa kifungu cha sheria na kupewa stakabadhi. Upole huo umewahi kushusha asilimia hadi gharama ya karatasi.

Mtu wa mwisho wa kuulizwa ni mke au mume wa muuzaji. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu nyumba ya ndoa kuuzwa na mmoja wa wanandoa bila ridhaa ya mwenzake. Ikiwa mwenzake "amesafiri", mauzo nayo yasafiri hadi atakaporudi. Kuhusu mjomba, mnunuzi anaweza kumtumia pole. Malipo yapite benki, kwa mkataba ulioandikwa na kushuhudiwa na wakili.

Maji

Jikoni Tangu Asubuhi wa Kigamboni amehamia nyumba yake, ameinjika maharage saa mbili, na sasa ni saa tisa. Maharage bado yanagongana ndani ya sufuria. Anauliza kama amerogwa na mwenye nyumba wa zamani.

Mwenye nyumba wa zamani alikuwa na kisima, na hilo linatosha. Maji ya visima vingi vya pwani ni magumu, yaani yamebeba madini ya kalsiamu na magnesiamu. Madini hayo hushikamana na pektini, gundi inayounganisha seli za punje. Katika maji laini gundi hiyo huyeyuka punje ikichemka. Katika maji magumu hukazana. Mlaji wa nyama anaweza kuishi miaka katika nyumba ya namna hiyo akilalamikia sabuni isiyotoa povu tu. Asiyekula nyama hupata taarifa siku ya kwanza.

Kwa sababu hiyo kipimo cha maji kinafaa kufanywa kabla ya malipo. Maharage ya gunia moja hugawanywa mara mbili na kulowekwa usiku kucha. Nusu huchemshwa kwa maji ya kisima cha nyumba inayouzwa, na nusu kwa maji ya mvua. Yakiiva kwa muda mmoja, kisima kina heri. Yakitofautiana kwa saa nzima, mnunuzi ana hoja ya kushusha bei, au ya kudai nyumba iunganishwe kwanza na bomba la DAWASA. Muuzaji akishangaa kuona mteja amekuja na sufuria mbili, asielezwe chochote.

Yapo makosa ambayo kisima hakihusiki nayo. Maharage yaliyokaa ghalani muda mrefu kwenye joto na unyevu huwa sugu kwa maji yoyote. Nyanya na ndimu zikitiwa mapema huchelewesha kuiva, kwa hiyo hungoja punje zilainike. Magadi hulainisha haraka lakini huharibu vitamini B1, na yakizidi mchuzi hunuka sabuni. Maharage mekundu nayo yasiachwe yakichemka kwa uvivu kwenye moto mdogo tangu mwanzo, kwa kuwa yana sumu ya asili inayovunjwa kwa kuchemka kwa nguvu, angalau dakika 10.

Jiko

Mama wa Moshi wa Gongo la Mboto anaona jiko la ndani ni dogo, lina kabati zuri, na mtungi wa gesi umeenea kabatini kama uliopimwa. Anauliza kama hiyo ni bahati.

Ni hatari. Gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja hukaa chini, na ndani ya kabati haina pa kutokea, hivyo cheche moja inaitosha. Mtungi ukae wima, mahali penye hewa, karibu na tundu lililo chini ya ukuta. Mkaa usiwashwe ndani ya chumba kilichofungwa, kwa kuwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Mpishi wa vyakula vinavyochukua saa nyingi, kama makande na njugu mawe, anahitaji kibaraza cha nyuma kuliko anavyohitaji kabati.

Kibaraza kikifuatiwa na uwanja wa hatua chache, nyumba imeongezeka thamani kwa hesabu ya sahani. Mchicha huchumwa wiki ya tatu au ya nne tangu kupandwa, na matembele huota kwa kipande cha shina lake kilichochomekwa ardhini. Bustani ikae mbali na shimo la choo. Kisamvu nacho kipandwe kwa kujua kanuni yake: majani ya muhogo mabichi yana sumu, kwa hiyo hutwangwa na kuchemshwa vya kutosha kabla ya tui au karanga kuingia.

Wageni

Mkwe Mwenye Wasiwasi wa Kinyerezi atatembelewa na mama mkwe, anayekuja kuona nyumba. Anauliza kama wali bila nyama utaeleweka kuwa ni ufukara baada ya ununuzi.

Utaeleweka hivyo ikiwa sahani itaonekana imepungukiwa. Mbaazi za nazi, kisamvu cha karanga, bilinganya za kukaanga, kachumbari yenye pilipili na wali wa nazi havimpi mtu nafasi ya kuuliza kilichokosekana. Mwenyeji atoe shikamoo, anawishe mikono, na asitangaze msimamo wake kabla ya mgeni kuongeza sahani ya pili. Mama akiuliza nguvu zitatoka wapi, ajibiwe kwamba nafaka na jamii ya kunde hukamilishana kwa protini, na ndiyo siri ya makande. Madini ya chuma ya kunde na majani hufyonzwa vizuri zaidi yakiliwa na ndimu au chungwa, na vibaya zaidi yakiteremshwa kwa chai. Vitamini B12 haipatikani kwenye mimea kwa kiasi cha kutegemewa, kwa hiyo asiyekula nyama hunywa maziwa na kula mayai, na anayeviacha hivyo pia hutumia vidonge au vyakula vilivyoongezwa vitamini hiyo.

Barua saba zaidi, zote kutoka kwa watu walioalikwa kwenye shughuli, zinauliza jambo moja: mwenyeji akiambiwa kwamba mgeni hali nyama, akaitikia "hakuna shida, tutamwekea kuku", afanyweje? Ashukuriwe, kisha aelekezwe kwenye sufuria ya maharage. Kuku ni nyama, dagaa waliofichwa ndani ya mchicha ni samaki, na swali hilo halitapokelewa tena katika safu hii. Maswali kuhusu mipaka ya viwanja yanaendelea kupokelewa, yakiambatana na nakala ya hati.