Mpango Kabatini, Nyumba Shambani
Madiwani wa Uingereza wana dawa ya kulinda mashamba yanayozunguka miji yao: kuahirisha. Desemba 2022, waziri Michael Gove alipotangaza kwamba idadi ya nyumba inayopangiwa kila halmashauri itakuwa ushauri tu, halmashauri kadhaa zilifungia mipango yao ya ardhi kabatini. Hoja yao ilisikika ya busara: kwa nini tupitishe mpango leo, ilhali kanuni zitabadilika kesho? Zilibadilika kweli, Desemba 2024 serikali mpya ikairudisha idadi ile kuwa ya lazima.

Na hata zisingebadilika, kuahirisha kusingewalinda. Tangu 2012 sera ya taifa inaelekeza kwamba mpango ukipitwa na wakati, mizani ya ombi la ujenzi ielemee upande wa kukubaliwa. Diwani akikataa, kampuni ya ujenzi hukata rufaa, na mkaguzi wa serikali ambaye hakupigiwa kura na yeyote ndiye huamua. Madiwani watajibu kwamba mpango nao hutoa mashamba. Naam, ila huchagua yapi. Anayeusitisha huiachia kampuni ichague, kisha huungana na wananchi kulalamika, na uchaguzi wa madiwani wa Mei ukifika, lawama zote ni za serikali kuu.