Aliyeketi ni Mzee Kenyatta Peke Yake

Zamani mtu wa Mombasa alipanda Nairobi kwa sababu: ana kesi, ana mgonjwa, au anapeleka posa. Siku hizi unapandishwa kwenda kutembezwa. Mpwa wangu, aliyeajiriwa huko, ametuambia kwamba ni aibu mimi na mama watoto kufika umri huu bila kuona makumbusho ya nchi yetu. Mke wangu akasema, "Kweli kabisa." Watu wawili wakishakubaliana hivyo, wa tatu hana kazi ila kutafuta viatu.

Na hivyo viatu ndivyo vilivyonitia maneno. Hakuna anayekwambia kwamba kuona historia ni kazi ya kusimama. Mashujaa wamesimama, ndovu amesimama, mwenye kueleza amesimama, na wewe uliyetoka nyumbani na goti lako bovu unatarajiwa usimame nao.

Tuliombwa tiketi kwenye mlango mmoja ambao sitautaja. Nikatoa noti. Noti haitakikani, lipa kwa simu. Na simu yangu wakati huo ilikuwa mikononi mwa mke wangu, inapiga picha za maua. Bei zimepangwa: mwananchi yake, mkazi yake, mgeni kutoka ng'ambo yake. Nikalipa ya mwananchi, ingawa kwa baridi ile ya Julai nilijihisi mgeni hasa.

Katika ua wa Makumbusho ya Taifa yuko Ahmed, ndovu wa Marsabit. Si yeye, ni mfano wake wa ukubwa ule ule. Mwaka 1970 Mzee Kenyatta alitoa amri ya rais kwamba Ahmed asiguswe, akawekewa walinzi wenye bunduki, naye akaishi hadi 1974 akafa kifo cha Mungu. Nilimwonea kijicho. Mimi wajukuu wananipanda mgongoni mchana kutwa na sijatolewa amri hata ya chifu.

Ndani, mke wangu husoma. Mimi na wewe tukisoma kibao cha makumbusho, tunasoma neno la kwanza tukaruka hadi mwaka. Yeye anasoma chote, kisha anakusomea wewe. Mbele ya Mvulana wa Turkana nilisomewa hadi nyayo zikafa ganzi. Mifupa ya mtoto huyo ina umri wa miaka kama milioni 1.5, na aliyeiona ni Kamoya Kimeu, mwaka 1984, magharibi mwa Ziwa Turkana. Kisa chenyewe kinasimuliwa kwamba ilikuwa siku ya mapumziko kambini. Kimeu badala ya kulala akatoka kutembea, akaona kipande kidogo cha fuvu kimejificha katika changarawe.

"Umesikia?" mke wangu akaniambia. "Siku ya mapumziko!"

Nikanyamaza. Mtu akishaingiziwa ushahidi wa miaka milioni moja na nusu, atajitetea vipi?

Nilidhani nitapata nafuu kwenye Makumbusho ya Reli, kwa kuwa reli maana yake mabehewa, na mabehewa yana viti. Pale lipo behewa la Charles Ryall, ofisa wa polisi wa Kiingereza. Mwaka 1900, stesheni ya Kima, Ryall alijitolea kukesha ndani ya behewa hilo na bunduki yake, amvizie simba aliyekuwa akila watu. Akakaa. Akasinzia. Simba akaingia, akamtoa dirishani. Mpwa wangu alieleza yote haya kwa furaha nisiyoipenda, akamalizia, "Waona, mjomba, kukaa-kaa kulivyomfanya?"

Kijana huyu hana heshima, na nitamwambia mamake.

Mjini kati ni yale yale. Dedan Kimathi yuko kwenye barabara yenye jina lake, bunduki mkono huu, jambia mkono ule. Sanamu ilizinduliwa Februari 2007, miaka 50 tangu Waingereza wamnyonge. Mtu aliyelala misituni miaka yote ile, ukaja kumkumbuka, hukumwekea hata kigoda? Tom Mboya naye wamemsimamisha tangu 2011 kwenye barabara ya Moi, karibu na pale alipopigwa risasi Julai 1969 akitoka duka la dawa. Watu wanapita miguuni pake mbio kuwahi matatu, na wewe ukitaka kumtazama vizuri unasukumwa kwa mabega. Ni kijana wa miaka 38 aliyeuawa mchana. Alistahili watu wasimame. Lakini wakisimama muda mrefu, wakae wapi?

Aliyeketi katika jiji zima ni Mzee Kenyatta peke yake, mbele ya jumba la KICC. Ameketi kwa raha zake, joho limemkaa vizuri. Nyuma yake ghorofa 28, zilizomalizika kujengwa 1973, na mpwa wangu akatangaza kwamba sasa tunakwenda juu kabisa, ulimwengu wote unaonekana. Hapo niligoma. Yeye akapanda, sisi tukashuka polepole hadi pembe ya Moi na Haile Selassie.

Hapo ndipo palipokuwa ubalozi wa Marekani, Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, lilipolipuka bomu lililoua zaidi ya watu 200 hapa Nairobi na kujeruhi maelfu. Leo ni bustani, ina ukuta wa majina na kiingilio kidogo. Mke wangu aliyasoma majina, sikumharakisha. Na pana mabenchi. Karani amefungua chakula chake cha mchana, mama mmoja amevua viatu, mwanafunzi anasinzia juu ya daftari. Nilikaa, na nikiwa nimekaa ndipo nilipofikiri kwa utulivu juu ya waliokufa, bila kufikiria goti.

Kwa hiyo naliandika hili kwa wanaopanga miji, Nairobi hadi Mombasa: kila sanamu mpya na ije na benchi lake. Halina gharama kubwa, wala halihitaji waziri wa kulizindua.