Papo kwa Papo, kwa Kukariri

Kila Desemba Oxford huwasaili waombaji, siku hizi kwa video. Maprofesa wanasema hawataki majibu ya kukariri; wanataka kumwona kijana akifikiri. Haya. Wazazi wenye nazo humlipa mwalimu amfundishe mtoto kushtuka kidogo, kutazama dari, kisha kusema "hilo sijawahi kuliwaza" kwa swali alilolifanyia mazoezi tangu Septemba. Chuo chenyewe kimewahi kutoa mfano: kwa nini wanyama wengi wana milia? Maskini punda milia, hana siri tena! Nyuma ya kijana rafu imepangwa upya: Darwin kasogezwa mbele, riwaya za mapenzi zimehamia uvunguni. Shati limepigwa pasi. Suruali ni ya kulalia. Kamera haifiki huko.