Sifa za Simu Iliyoingia Maji

Wengine husifu simu mpya. Mimi naisifu iliyoingia maji, kwa kuwa ndiyo pekee iliyowahi kunipa likizo.

Yangu ilichomoka mfukoni mwa shati nilipoinamia ndoo ya kuogea: chubwi! Mfa maji haachi kutapatapa. Nilipoiopoa iliwasha tochi, ikajibonyeza yenyewe, ikampigia mwenye nyumba ninayemkwepa tangu mwezi juzi. Alipopokea tu, ikazima. Ni wangapi kati yetu wanaojua kunyamaza kwa wakati?

Mama watoto akaizika kwenye kopo la mchele wa Kyela, nami nikakaa eda. Najua, Apple wenyewe mwaka 2024 waliwaonya wateja wao wasiitie simu kwenye mchele, kwa kuwa chembe zake huweza kuidhuru. Lakini ubora wa tiba hii haumo katika kukausha. Umo katika kukufunga mikono. Siku tatu sikuiwasha wala kuichaji, na bodi yenye maji ikipitishiwa umeme ndipo huungua.

Siku tatu hizo, wale wa mikopo kausha damu walipiga wakachoka. Mhazini wa kamati ya harusi akaja mwenyewe hadi mlangoni. Nikamwonyesha kopo. Akainamisha kichwa, akasema, “Pole sana,” kama aliyefika msibani, akaondoka bila kuutaja mchango.

Siku ya nne nikaipeleka Kariakoo. Fundi, kijana wa rika la mwanangu, akaifungua kwa bisibisi, akanionyesha kibandiko kidogo ndani: kilikuwa cheupe, sasa chekundu. Shahidi yule hahongeki. Hukufutia waranti kabla hujafungua mdomo kujitetea. Akasugua bodi kwa mswaki na spiriti, ukijani wa kutu ukaachia.

“Mzee, una bahati,” akasema. “Ingekuwa maji ya bahari, chumvi ingeshaimaliza.”

Kweli, ndoo ina huruma kuliko bahari.

Ikawaka. Jumbe zikamiminika kama masika, na wa kwanza ulikuwa wa mhazini: “Ikipona, nambari ya kutuma mchango ni ile ile.”

Nimerudi nyumbani. Ndoo nimeikuta imejaa, na shati nililovaa ni lile lile, lenye mfuko uliolegea.