Busti Imepotea: Mwongozo wa Kuisaka Bila Kuuza Shamba

Umefunga supachaja kwenye gari lako. Umelipa, umeitangazia familia, na majirani wameshaisikia ikilia alfajiri. Kasoro ni moja tu: karatasi ya kiwanda iliahidi busti ya psi 6, na geji inakomea 4. Washauri nao wamejitokeza bila kuitwa. Mmoja anataka ubadilishe puli, wa pili anataka pampu mpya ya mafuta, wa tatu anashuku jirani mwenye kijicho. Fundi wa "badilisha tuone" ameshafungua boneti na anakuuliza umejipanga na shilingi ngapi.

Funga hiyo boneti kwanza. Busti ina njia chache za kutorokea. Zote zinapimika, na nyingi hupimwa bila kutoa hata senti. Kwa hiyo sheria ni hii: pima, anza na kisicho na bei, na usinunue spea yoyote mpaka kipimo kikuamuru.

Ujue unachokisaka

Supachaja ni pampu ya hewa inayozungushwa na kranki kupitia mkanda. Ile ya aina ya Roots ni mzee wa heshima. Ndugu wawili, Philander na Francis Roots wa Connersville, Indiana, waliipatia hataza mwaka 1860, gari la petroli likiwa bado halijazaliwa, na kazi yake ilikuwa kupuliza hewa viwandani. Mashine hiyo haibani hewa tumboni mwake. Huihamisha tu kutoka mlango mmoja hadi mwingine, na presha huzaliwa ndani ya manifoldi pale hewa inapofika nyingi kuliko injini inavyoweza kumeza.

Chukua injini ya Toyota 5VZ-FE ya lita 3.4, iliyokuwemo kwenye baadhi ya Prado na Hilux Surf za petroli za miaka ya 1990. TRD waliitengenezea supachaja kwa kutumia mashine ya Eaton ya inchi za ujazo 62, yaani karibu lita 1 ya hewa kwa kila mzunguko. Injini hiyo, silinda zikijaa sawasawa, humeza kama lita 1.7 kwa kila mzunguko wa kranki. Supachaja ikizungushwa mara mbili ya kasi ya kranki, inaleta lita 2. Ile ziada, pamoja na joto linalotokana na kusukumwa, ndiyo busti yako.

Geji basi ni kama kondakta wa matatu saa ya watu kwenda kazini: haihesabu abiria walioketi, inakuambia tu msukumano wa mlangoni ukoje. Msukumano hupungua kwa sababu mbili. Ama abiria hawafiki, ama mlango umepanuliwa na wote wanaingia. Ya kwanza ni ugonjwa, ya pili ni neema, na geji peke yake haiwezi kukuambia ni ipi.

1. Mhoji shahidi

Kabla ya kuishtaki supachaja, ichunguze geji. Mpira wake mwembamba umechanika? Umechomekwa kwenye manifoldi, baada ya supachaja, au mahali ambapo palionekana pako wazi? Kisha chomeka skana, yaani mashine ya kusoma kompyuta ya gari, washa swichi bila kuwasha injini, usome sensa ya presha ya manifoldi. Mombasa inapaswa kuonyesha karibu kPa 101, Nairobi karibu 82. Ikisema vingine, umempata shahidi wa uongo.

Pia uliza swali kwa haki. Ahadi ya kiwanda ni ya mguu uliokanyaga mpaka chini na injini ikiwa karibu na kilele cha mizunguko. Supachaja za sentrifugo, ambazo si za aina ya Roots, hupandisha presha kwa mraba wa kasi: kwenye nusu ya mizunguko unapata takriban robo ya busti. Anayesoma busti ya mashine kama hiyo kwenye mizunguko 3,000 na kulalamika anaidai mahari kabla ya posa.

2. Tazama uko mlima gani

Hapa wengi wa bara wametibiwa ugonjwa wasiokuwa nao. Tuseme supachaja yako inazidisha presha ya hewa mara 1.4. Mombasa, kPa 101 zinakuwa 141, na geji inaonyesha ziada ya 40, karibu psi 6. Panda nalo gari lilelile mpaka Nairobi, takriban mita 1,800 juu ya bahari. Sasa kPa 82 zinakuwa 115, ziada ni 33, na geji inasoma chini kidogo ya psi 5. Hakuna kilichoharibika. Ni hewa yenyewe iliyo nyembamba, na wakazi wa Arusha, Iringa na Mbeya wapige hesabu hiyohiyo. Psi moja ikikosekana Nairobi, usimlaumu fundi. Mlaumu aliyejenga reli na kuweka huko juu kambi iliyokuja kuwa jiji.

3. Hakikisha pedali inatii

Zima injini, mwombe mtu akanyage pedali mpaka mwisho, wewe uchungulie kipepeo cha throto. Kinafunguka chote? Zulia lililojikunja chini ya pedali, au kebo iliyolegea, huiba busti kuliko kasoro nyingi za gharama. Kwenye throto ya umeme, soma asilimia ya kufunguka kwenye skana, na uangalie kama kompyuta imeweka kosa na kuibana injini kwa kujilinda.

4. Mkanda hauna adabu ya kuongopa

Mkanda unaoteleza huacha ushahidi kila mahali: unga mweusi kwenye puli, uso uliong'aa kama kiatu cha harusi, mlio mkali ukikanyaga. Dalili kuu iko kwenye geji: busti inapanda vizuri, kisha mizunguko ikizidi inasimama au inashuka. Kagua kikaza mkanda, angalia kama kuna oili iliyodondokea, na utazame mkanda umekumbatia puli ya supachaja kwa kiasi gani. Ukigusa sehemu ndogo tu ya duara, utateleza hata ukiwa mpya. Usipake dawa ya kunata, maana unaficha ugonjwa na kukusanya vumbi. Na mkono, mkufu au kanga visikaribie mkanda injini ikiwa inaunguruma. Hilo halina mjadala.

5. Mchepuko usiofungwa huvunja nyumba

Supachaja nyingi zina vali ya mchepuko. Ukitembea polepole, vakyumu huifungua ili hewa izunguke bila kuilemea injini. Ukikanyaga, inatakiwa kufunga mara moja. Ikibaki wazi, hewa inayotoka mbele inarudi nyuma, mashine inazunguka kwa jasho na manifoldi haipati kitu. Kwenye mashine nyingi za Eaton, injini ikizimwa mkono wa vali hurudi kwenye kufunga kwa nguvu ya springi. Ukiwasha, unavutwa na kufunguka. Ukipiga mafuta ghafla, unarudi. Utazame kwa macho yako. Mpira uliochomekwa tundu lisilo lake ni kosa la kawaida baada ya kufunga supachaja mpya, na kulirekebisha ni kazi ya dakika chache.

6. Sikiliza nyufa

Ziba mdomo wa kuingizia hewa, ingiza hewa ya kompresa, kisha pulizia maji ya sabuni kwenye kila klampu, kila gasketi na kila kona ya intakula, yaani kipoza hewa. Povu litakuonyesha. Tumia regyuleta na usipite busti ya kawaida ya gari, kwa sababu kompresa ya gereji inaweza kutoa zaidi ya psi 100 na mipira haikutengenezwa kwa adhabu hiyo. Kama sensa ya kupima hewa iko kabla ya ufa, kuna dalili nyingine: moshi mweusi, maana kompyuta inamwaga mafuta ya hewa ambayo imeshatoroka.

7. Pua iliyoziba

Chujio la hewa lililojaa vumbi huiadhibu supachaja mara mbili. Kila kPa inayopotea kabla ya kuingia huzidishwa: ukipoteza 3 mlangoni kwa mashine inayozidisha mara 1.4, unakosa zaidi ya 4 kwenye manifoldi. Weka geji ya vakyumu kati ya chujio na supachaja, ukanyage, usome. Usijaribu kwa kuendesha bila chujio. Vumbi la murram husugua ngozi ya rota zinazozunguka ndani ya supachaja, na nafasi kati yake zikishapanuka, hakuna klampu itakayokuokoa.

8. Rula, kisha mashine yenyewe

Pima kipenyo cha puli. Puli ya kranki ya milimita 150 kwa puli ya supachaja ya 75 inakupa mara 2. Ukiwa umeuziwa ya 80, unapata 1.875, na jibu la fumbo lilikuwa kwenye rula. Ni hapa tu, baada ya yote hayo, ndipo unaruhusiwa kuishuku supachaja: rota zilizochakaa, beringi zinazolia, oili inayovuja nyuma ya puli yake. Hiyo mpelekee mtu anayezifungua kila siku.

Kabla hujanunua puli ndogo

Ukiwa umefunga ekzosi pana au kemshafti kali na busti ikashuka, shangilia: mlango umepanuliwa. Kinyume chake pia ni kweli, na kinatisha zaidi. Kichujio cha moshi kikiziba ndani ya ekzosi, geji inapanda huku gari likizidi kuwa zito. Pima nguvu, usiabudu sindano.

Puli ndogo hupandisha namba na kuficha kila kosa lililotajwa hapo juu. Inaikimbiza supachaja, inaichemsha hewa, na kama mafuta hayatoshi injini inaanza kugonga. Pistoni iliyotoboka ni ghali kuliko ukaguzi wote huu ukijumlishwa. Iweke tu kama umeshapima mchanganyiko wa mafuta na hewa, na kasi mpya haivuki kikomo cha kiwanda.

Na jambo la mwisho linamhusu mwenye gari kuliko fundi. Mlipe anayepima. Wateja wengi hutoa pesa kwa furaha wakiona spea mpya kwenye boksi, lakini mtu akitumia saa mbili kugundua mpira uliochomoka wanamwambia "mbona hujafanya kitu?" Ukimlipa kwa spea tu, atakutafutia spea. Mlipe kwa majibu, uandike vipimo vyake kwenye daftari la gari, na mwakani busti ikishuka tena mtajua wote wawili pa kuanzia.